Vidonge 63

Najua nimepotea hapa. Kazi za chumba cha habari zimenibana, halafu wiki iliyopita simu ikaita kutoka Makere, na tangu hapo akili yangu imekuwa huko tu. Wale mliozoea kusoma hapa habari za foleni ya Ubungo na vituko vya mahakamani mnivumilie leo.

Aliyepiga ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Jina lake silitaji. Kijana bado hajaoa, na wakwe watarajiwa nao siku hizi wanasoma intaneti. Akaniambia, "Dada, dawa zimekwisha tena huku. Leo siku ya tisa." Sikumuuliza hata habari za nyumbani. Nilimuuliza, "Hujaanza kuhesabu?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Ili mnielewe inabidi nirudi nyuma, Juni 2015.

Ukitoka Kasulu kuelekea Kibondo, Makere unaikuta njiani. Wengi wenu mnaijua bila kujua kwamba mnaijua, maana kambi ya Nyarugusu iko huko. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo, na mwaka huo wa 2015, Burundi ilipochafuka kuanzia mwezi wa nne, watu walimiminika upya. Walivuka hadi Kagunga ufukweni, wakabebwa na MV Liemba mpaka Kigoma mjini, kisha wakapandishwa mabasi kuja kambini. Barabara ilikuwa ya vumbi. Mabasi yalipita mchana na jioni yakiwa mekundu mpaka vioo, na sisi tulikaa kwa bibi tukiyaangalia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina kazi zaidi ya kuteka maji na kuchambua maharage.

Mdogo alikuwa na miaka 14, darasa la saba, mwembamba kama fito. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka mitano. Mkono wake wa kushoto una kovu la siku alipoangukia mafiga, mama yake akiwa kisimani. Mengine mnayajua, maana hayana tofauti na ya kwenu: sahani yake peke yake, watoto wanakimbia akianguka kwa sababu eti povu linaambukiza. Haliambukizi. Nimelifuta povu hilo kwa khanga yangu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka na niko hapa naandika.

Dawa yake ilikuwa fenobabitoni, vidonge vyeupe vidogo vya miligramu 30, vitatu kila usiku. Ni dawa ya kizee. Mwaka 1912 huko Ujerumani daktari mmoja, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa akitaka walale, akagundua kwamba kuanguka kumepungua. Ni dawa rahisi kwa bei, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyofika vijijini kwetu. Kule Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall aliitumia katika kliniki yake ya kifafa tangu miaka ya 1960. Mdogo ilimkubali vizuri mno. Miezi saba hakuanguka hata mara moja. Akarudi kucheza mpira, winga wa kulia, na mwalimu wa michezo akaanza kumtaja kwenye timu ya UMITASHUMTA.

Halafu dawa zikaisha pale tulipokuwa tukichukulia. Tukaambiwa njooni wiki ijayo. Wiki ijayo tukaambiwa wiki ijayo. Siku 21. Katika siku hizo alianguka mara nne, na mara ya nne ilikuwa mstarini, shule nzima ikiangalia. Mwalimu akasema, kwa upole tu, kwamba akianguka tena itabidi apumzike mpira. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa.

Dawa zilipokuja tulipewa vidonge 90, mwezi mzima, ndani ya kifuko cha plastiki chenye maandishi ya kalamu: 3 usiku. Nilizifuata mimi mwenyewe na kumkabidhi Mdogo mkononi. Jioni ile alikuwa na furaha kuliko siku zote. Alikula ugali wa muhogo na dagaa, akaniomba kalamu na kipande cha karatasi. Sikumuuliza vya nini.

Asubuhi bibi alikwenda kumwamsha, hakuamka.

Alikuwa anakoroma. Wote tulifarijika kwa ule mkoromo, tukadhani ni usingizi mzito. Leo najua kwamba mtu asiyeamka akikoroma vile, ulimi umelegea na unaziba njia ya hewa. Tulimtikisa, tukammwagia maji, tukamfinya. Macho tulimfungua kwa vidole, yakatuangalia bila kutuona. Pembeni ya godoro niliona kile kifuko, na kilikuwa kimepungua sana. Nilikitia mfukoni.

Sasa hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Jirani alikuja na mawese kwenye kikombe. Bibi akasema maziwa, maziwa yanakata sumu. Mwingine akataka aingizwe kidole kooni atapike. Bibi alishinda kwa cheo. Maziwa yakamiminwa kwa kijiko kwenye kinywa cha mtu asiyeweza kumeza, yakampalia, akakohoa kikohozi kidogo dhaifu kama cha kitoto kichanga, midomo ikabadilika rangi. Tukaacha. Ningependa kusema mimi nilipinga. Mimi ndiye niliyeshika kijiko.

Mama mdogo nilimwonyesha kifuko nyuma ya nyumba. Alikiangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Usimwonyeshe mtu. Watasema alitaka kujiua. Watamfunga." Haya hakuyatoa hewani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mama mdogo hajawahi kufungua kitabu cha sheria maishani mwake, lakini hicho alikijua. Tukakubaliana tuseme kifafa kimempanda usiku kucha, ndiyo maana amelala. Uongo mzuri, unaingia akilini kabisa, kwa sababu kweli mtu akishaanguka hulala.

Tulipata lifti kwenye gari lililobeba magunia ya maharage kwenda Kasulu. Nilikaa juu ya magunia, kichwa chake mapajani kwangu. Kila kichwa kilipoegemea nyuma alinyamaza kimya, na kila nilipokigeuza ubavuni na kukiinua kidevu mkoromo ulirudi. Sikuwa najua chochote. Nilikuwa naupenda tu ule mkoromo kuliko kimya, basi nikamshikilia vile mpaka mjini.

Hospitalini mama mdogo alieleza kama tulivyopanga. Ameanguka tangu saa nane usiku, anaanguka tena na tena, hajaamka. Kila nilipofungua mdomo alinitazama. Muuguzi mmoja mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya upole, alimpima sukari, alimpima malaria, haikuwapo. Akamtundikia dripu. Kisha akaja na sinia dogo lenye bomba la sindano na kichupa cha kioo, maana kwa maelezo tuliyompa hicho ndicho kilichostahili: mtoto wa kifafa aliyeanguka usiku kucha hupewa dawa ya kukizuia kisirudi. Kichupa kilikuwa upande wangu. Nikasoma maandishi.

Lilikuwa jina lile lile lililokuwa mfukoni mwangu.

Karibu saa tatu nzima zilikuwa zimepita tangu nikitie kifuko mfukoni, na muuguzi alikuwa tayari anafuta mkono wa Mdogo kwa pamba. Sikusema kwa ujasiri kama kwenye sinema. Nilisema kwa sauti ya kuiba, "Shangazi, ameshameza hiyo. Nyingi." Mama mdogo akaanza kulia. Muuguzi aliweka sindano chini taratibu, hakumgombeza mtu, akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa kijana, pengine miaka mitano tu mbele yangu. Alimimina vidonge vyangu kwenye kifuniko cha bati akavihesabu viwili viwili. Vilikuwa 27. "Mlipewa vingapi?" Tisini. "Lini?" Jana. Akaandika kwenye cheti: 63. Zidisha mara 30, miligramu 1,890, kwa mtoto wa kilo 40. Kisha akauliza, "Alikosa dawa kwa siku ngapi kabla ya hapo?" Mama mdogo akajibu ishirini na moja, na akiwa bado kinywani na ile namba wote tukapiga hesabu kwa pamoja. Vitatu mara ishirini na moja.

Alikuwa analipa deni.

Nilimuuliza daktari atampa dawa gani ya kuiondoa ile. Akasema, "Haipo." Nilidhani anasema haipo stoo, kama ilivyokuwa imetokea huko nyuma. Alimaanisha haipo duniani. Fenobabitoni haina dawa ya kuipindua. Inapozidi inalaza ubongo, na ubongo ukilala sana unasahau kuamrisha mapafu. Presha inashuka, mwili unapoa. Na mwili wenyewe hauna haraka: kupunguza nusu tu ya dawa iliyomo kwenye damu huchukua kati ya siku mbili na tano kwa mtu mzima, watoto huwahi kidogo. Kwa hiyo kazi ni kumlinda mgonjwa asife wakati figo na ini vinafanya shughuli zao polepole.

Kuna vitu vinavyosaidia kuharakisha. Mkaa wa dawa, unga mweusi unaochanganywa na maji, ukirudiwa rudiwa unainyonya fenobabitoni kutoka kwenye damu na kuirudisha tumboni, hata kama kidonge kilimezwa jana yake. Lakini unapomwekea mtu aliyezimia bila kuilinda njia yake ya hewa, unarudia mchezo wetu wa maziwa, na kwa rangi nyeusi. Siku ile mkaa haukuwapo. Mashine ya kusafisha damu, ambayo kwa dawa hii inafanya kazi vizuri, ilikuwa mbali mno kwa mtoto anayepumua kwa kubahatisha. Daktari alisema safari ile ingemuua kabla ya vidonge.

Niwaambie pia kwamba dawa za kifafa hazifanani, maana najua mmoja wenu ataondoka hapa akijifanya mtaalamu. Kabamazepini ikizidi inavuruga mapigo ya moyo, inaweza kumletea mtu degedege lile lile ililopewa kulizuia, na hufyonzwa kwa kusuasua, hivyo mgonjwa anaweza kuonekana anaamka kisha akazama upya. Valproeti inapandisha amonia kwenye damu, na hiyo walau ina dawa yake, kanitini. Ndiyo maana daktari anahitaji kifuko chenyewe, siyo hadithi ya familia.

Basi wakamlaza ubavu, wakamnyonya makohozi kwa mrija, wakamwekea oksijeni ya mashine, mpira wa mkojo, blanketi mbili, na amri ya kumgeuza kila baada ya saa mbili. Wodi ilikuwa na wagonjwa wengi na muuguzi mmoja usiku. Yule mama mnene akaniita, akanipa daftari lenye mistari. "Binti, unajua kuhesabu?" Nikasema nimesoma EGM. Akasema vizuri, weka mkono tumboni kwake, tazama saa ya simu, hesabu pumzi dakika nzima, andika, fanya hivyo kila robo saa. Zikishuka chini ya nane niite.

Daftari ninalo mpaka leo. Saa mbili usiku, 12. Saa nne, 11. Saa sita, 9. Mwandiko wangu unaharibika kadiri usiku unavyokwenda. Saa saba unusu, 8, na nimepigia mstari mara mbili nikijiuliza kama nane iko chini ya nane. Saa nane na dakika 40 umeme ulikatika. Kasulu wakati ule ilikuwa na umeme wa majenereta ya dizeli na kukatika halikuwa jambo la ajabu. Mashine ya oksijeni ikalia ikanyamaza. Katika giza niliweka mkono tumboni kwake nikahesabu 5.

Muuguzi alikuja na tochi mdomoni. Akamwinua kidevu, akambana barakoa ya mpira usoni, akaanza kuubana ule mfuko kwa mkono. Baada ya muda akanionyesha, akanishika vidole: bana, moja, mbili, tatu, nne, tano, bana. Yeye alishikilia kidevu, mimi nikabana. Mama mdogo alishika tochi huku akitikisika, mwanga unacheza ukutani. Sijui ilikuwa muda gani. Daftari halina kitu tangu saa nane na dakika 40 mpaka saa kumi na dakika kumi, ambapo nimeandika 9 kwa herufi kubwa kama mtoto wa chekechea.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi tayari, nilikuwa nasoma mambo mengine kabisa nikakutana na Copenhagen. Kabla ya hapo, madaktari wa Ulaya waliopokea watu waliozidisha dawa za jamii hii waliwachoma vichangamshi ili waamke: pikrotoksini, hata strikinini ambayo ni sumu ya panya. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alikufa. Mwaka 1949 Carl Clemmesen na wenzake katika hospitali ya Bispebjerg wakaacha vichangamshi vyote. Wakalinda njia ya hewa, wakasaidia pumzi, wakawageuza wagonjwa, wakatunza presha, wakasubiri. Vifo vikashuka mpaka mmoja au wawili kwa mia. Nilisoma hayo nikafunga kompyuta nikatoka nje. Bibi yangu na kijiko chake cha maziwa alikuwa katika kundi moja na maprofesa, na yule muuguzi wa Kasulu mwenye tochi mdomoni alikuwa anafanya kile kile cha Copenhagen.

Siku ya pili alitoka malengelenge kwenye kisigino na gotini. Mama mdogo akadai ameunguzwa na chupa ya maji moto. Daktari akaeleza kwamba dawa hii ikizidi huweza kuleta malengelenge sehemu zinazogandamizwa. Siku hiyo hiyo homa ikapanda, pafu la kulia limechafuka. Maziwa. Akaanzishiwa antibayotiki, na mimi nikaenda kukaa nyuma ya jiko la hospitali kwa muda.

Siku ya tatu jioni, nikiwa nahesabu, 14, nilisikia mtu ananiambia, "Dada, mkono wako wa baridi." Sauti ilikuwa nzito kama ya mlevi na macho yalikuwa yanachezacheza, lakini ilikuwa ni yeye. Swali la pili lilikuwa kama timu imeshatangazwa.

Daktari alitutoa nje wote akabaki naye. Najua alimuuliza kwa sababu Mdogo alinisimulia. Alimuuliza ulitaka nini ulipomeza vile. Mdogo akamwambia kuhusu karatasi, siku 21 mara vitatu, kwamba mwili unadai na yeye alitaka kuulipa wote kabla ya siku ya kuchagua timu. Daktari alimwamini. Lakini aliniambia kwenye korido kwamba swali lile huwa haliachi kuuliza, kwa kuwa watu wenye kifafa hujiua zaidi kuliko wengine, na kwamba anachukia kuliuliza mahali ambapo jibu la kweli linaweza kumleta polisi. Hakuna polisi aliyekuja. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kifungu chao cha namna hii, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Niliposikia habari ile nilimfikiria mama mdogo nyuma ya nyumba, na ni familia ngapi zimesimama nyuma ya nyumba namna ile na kifuko mkononi.

Kabla hatujaruhusiwa kulikuwa na jambo moja lililonishangaza. Nilidhani ile dawa hataigusa tena. Daktari akasema hapana, ikiisha mwilini ghafla kifafa kitarudi kwa kishindo, hivyo tulirudishiwa vile vidonge 27, na karatasi mpya: 3 usiku. Mama mdogo alivishona ndani ya pindo la khanga. Timu alikosa mwaka ule.

Sasa tuko hapa, siku ya tisa. Nilizunguka maduka matatu ya dawa Kariakoo na cheti chake kwenye simu, nikapata, nikafunga boksi, nikalipeleka stendi Magufuli kwenye basi la Kigoma. Juzi usiku akapiga kuniambia ameupokea mzigo.

"Nimeshakunywa," akasema.

"Ngapi?"

"Dada jamani."

"Ngapi?"

"Tatu."

Nikamwambia abaki kwenye simu kidogo. Hatukuwa na la kuongea, vocha inaenda, upande wa pili nasikia pikipiki zinapita na yeye anapumua.